Safari ya kwanza ya kuona wanyamapori: mwongozo kamili kwa wakazi wa Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Kuna watu waliozaliwa Nakuru, wakasoma Nakuru, wakapata kazi na watoto Nakuru, na hadi leo hawajamtia kifaru machoni. Ua wa mbuga uko kilomita chache tu kutoka steji ya matatu. Ukiwauliza sababu, watakuambia safari ni mambo ya watalii, inataka gari refu la kufunguka paa, na lazima uwe na pesa za kulala lojini. Kisumu, Kericho, Kakamega na Kisii utasikia yayo hayo. Mwongozo huu ni wao: familia yenye watoto wa shule, kina mama wa chama, vijana walioanza kazi juzi, na babu anayetaka kuwaonyesha wajukuu simba.

Shika jambo moja kabla ya yote. Safari ya kwanza hupangwa kwa saa mtakazokaa ndani ya mbuga. Idadi ya mbuga haina maana, na uzuri wa kitanda hauna maana. Mbuga moja, siku nzima, mkiingia lango likifunguliwa saa 12 asubuhi na kutoka likikaribia kufungwa saa 12 jioni. Mtu aliyekaa Ziwa Nakuru saa kumi na mbili ataona mengi kuliko aliyekimbizwa mbuga tatu kwa siku mbili. Kila hatua hapa chini inatokana na hilo.

Hatua ya 1: Chagua mbuga moja, na ujue haina nini

Kwa anayetoka upande huu wa nchi, ushauri wangu ni Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Ina ukubwa wa kilomita 188 za mraba, ziwa likiwemo, na yote imezungushiwa ua. Udogo huo ni faida kwa mgeni: wanyama hawako mbali, barabara zake zinazungukika kwa siku moja, na ukipotea njia hutapotea sana. Ilipata hadhi ya mbuga ya taifa mwaka 1968 kwa sababu ya ndege. Mwaka 1987, wakati majangili walikuwa wamewamaliza vifaru karibu nchi nzima, ikafanywa hifadhi yao. Leo ni miongoni mwa mahali pachache Kenya ambapo mtu wa kawaida, kwa gari la kawaida, anaweza kuwaona kifaru mweupe na kifaru mweusi siku moja.

Kuna twiga pia, na hawa wana uhusiano na watu wa magharibi. Ni twiga wa Rothschild, wanaojulikana kwa miguu isiyo na madoa kuanzia magotini kwenda chini. Waliletwa hapa kutoka Soy, upande wa Eldoret, miaka ya 1970, mashamba yalipokuwa yamebana makao yao. Mbali na hao utakuta nyati, pundamilia, swala pala, swala tomi, kuro, pofu, ngiri, viboko, fisi, nyani, mbega, simba na chui.

Ndovu hawapo. Waambie watoto mapema, maana mtoto aliyeahidiwa ndovu hatasahau.

Jambo la pili la kuambiana ukweli ni flamingo. Picha za ziwa lililogeuka waridi zimetundikwa ofisini kote nchini, na wengi huja kwa ajili hiyo. Flamingo mdogo hula mwani mdogo sana unaostawi kwenye maji ya magadi makali. Kuanzia miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yalipanda mno, yakameza lango kuu la zamani, ofisi na barabara za ufukweni, na magadi yakapungua ukali. Mwani ukapungua, ndege wakahama, wengi wakaenda Bogoria. Huenda ukakuta kundi zuri ufukweni, huenda ukakuta wachache. Mwari, tai mlasamaki na korongo wa aina nyingi hawakosekani. Kama ni flamingo tu unaowataka, panga kwenda Ziwa Bogoria, Kaunti ya Baringo, ambako pia kuna chemchemi za maji moto zinazoruka kando ya ziwa.

Je, Maasai Mara? Nenda, lakini iwe safari ya pili. Mara ina kilomita za mraba kama 1,510, inataka kulala angalau usiku mbili, gari imara na dereva anayezijua njia zake. Mtu aliyekwisha kujifunza kutazama wanyama Nakuru ataifaidi Mara mara mbili.

Hatua ya 2: Chagua tarehe

Januari, Februari na mwanzo wa Machi ndio wakati mzuri zaidi. Nyasi zimekauka na kuwa fupi, wanyama wanasogea majini, barabara ni ngumu. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei mvua ndefu hufanya udongo mweusi wa upande wa kusini kuwa tope la kunasa. Agosti nayo hunyesha sana upande wa Nakuru, tofauti na wanavyodhani wengi. Ukienda miezi hiyo nenda na gari la 4x4, na ujue nyasi ndefu huficha simba aliyelala hatua kumi kutoka barabarani.

Epuka Pasaka, wikendi ndefu za sikukuu, na wiki mbili za mwisho wa Desemba. Jumanne au Jumatano ni bora kuliko Jumamosi. Kama watoto wako shuleni, chukua siku za katikati ya wiki wakati wa likizo fupi.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kuahidi mtu

Chukua karatasi uandike mistari sita: kiingilio cha watu, kiingilio cha gari, usafiri na mafuta, malazi, chakula, na akiba. Kiingilio hulipwa kwa kila kichwa, na bei ya raia wa Kenya ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni wa nje. Watoto wana bei yao. Gari hulipiwa kulingana na idadi ya viti, kwa hiyo vani ya abiria wengi hulipa zaidi ya gari dogo. Viwango hubadilishwa na serikali mara kwa mara; vile vilivyo kwenye mtandao wa eCitizen siku unayolipa ndivyo vya kweli, na bei uliyoambiwa na rafiki aliyeenda zamani iweke kando.

Kwa mafuta, hesabu njia ya kwenda na kurudi, halafu ongeza kilomita 100 za kuzunguka ndani ya mbuga. Ndani mtaenda polepole kwa gia ndogo huku injini ikizimwa na kuwashwa, na gari hunywa mafuta kuliko barabarani. Hakuna kituo cha mafuta ndani, kwa hiyo jazeni tangi mjini.

Akiba iwe angalau sehemu moja ya kumi ya jumla. Pancha, mtoto kuumwa tumbo, usiku wa ziada mjini: vitu hivyo havibishi hodi.

Mkiwa chama au marafiki saba hivi, gharama ya gari ikigawanywa hushuka sana. Changeni kwa miezi mitatu au minne, mtu mmoja ashike pesa, na orodha ya majina na namba za vitambulisho ifungwe wiki mbili kabla ya safari. Anayejitoa baada ya hapo atafute wa kuchukua nafasi yake. Kubalianeni hilo siku ya kwanza, kwa maandishi, ndipo urafiki utarudi salama.

Hatua ya 4: Gari lenu, au gari la kukodi

Wakati wa kiangazi Probox, Premio au Noah huzunguka barabara kuu za Ziwa Nakuru bila shida, mradi dereva awe mpole na spea iwe na upepo. Angalia spea usiku wa kuamkia safari, pamoja na jeki na spana ya magurudumu. Gari dogo lina upungufu mmoja: macho yenu yako chini, na nyasi zikiwa ndefu hamwoni kitu. Waketi madirishani wanaotaka kuona, na mbadilishane.

Vani ya utalii inayofunguka paa ina raha yake. Nakuru mjini zipo za kukodi kwa siku. Usimpe mtu pesa kabla hajakujibu haya:

Kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, yaani TRA, ya mwaka huu? Omba uione. Bei ni ya gari zima au ya kila mtu? Mafuta, kiingilio cha gari na posho ya dereva vimo? Dereva ataingia lango saa ngapi, na atatoka saa ngapi? Swali hili ndilo kubwa. Wapo wanaouza "siku nzima" halafu wanakuchukua saa 3 asubuhi, wakati simba wameshajilaza kivulini, na saa 8 mchana wanaanza kutazama saa zao. Andikiana naye kwa ujumbe wa simu: kuondoka saa 11 na nusu alfajiri, kutoka mbugani saa 12 jioni. Akisita, tafuta mwingine.

Muulize pia dereva kama ni mwongozaji aliyefanya mitihani ya Chama cha Waongozaji Safari wa Kenya, kinachotoa beji za shaba, fedha na dhahabu. Mwenye beji ya shaba anayeipenda kazi yake atakufaa kuliko asiye na beji mwenye maneno mengi. Pesa zilipwe kwa paybill au till yenye jina la kampuni, kwa awamu, na risiti itoke. Namba ya simu ya mtu binafsi isipokee pesa za watu kumi na wawili.

Hatua ya 5: Njia na mahali pa kulala

Kutoka Kisumu hadi Nakuru ni kama kilomita 180 hivi: Ahero, Awasi, Kericho, Londiani, Mau Summit, Salgaa, Nakuru. Wanaotoka Bungoma, Kitale na Kakamega wengi hupitia Eldoret na kuungana na barabara hiyo Mau Summit. Ukungu hushuka Mau Summit asubuhi na jioni, na mteremko wa Salgaa umeua watu wengi kwa miaka mingi, malori yakikosa breki. Safirini mchana, mfike Nakuru kabla ya giza. Kuondoka Kisumu saa 8 usiku ili muwe langoni alfajiri ni kumweka dereva na watoto hatarini kwa kuokoa pesa ya usiku mmoja.

Laleni mjini. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021 na gesti zipo za kila mfuko. Mkihitaji kulala ndani, kuna loji, kuna nyumba ya Naishi inayosimamiwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na kuna viwanja vya kupiga kambi, kimojawapo karibu na maporomoko ya Makalia upande wa kusini. Kambi inafaa watu waliozoea baridi na wenye hema zuri. Kwa safari ya kwanza na watoto wadogo, kitanda cha mjini kinatosha.

Hatua ya 6: Lipa kwa eCitizen

KWS haipokei pesa taslimu langoni. Fungua akaunti ya eCitizen kama huna, ingia sehemu ya KWS, chagua Ziwa Nakuru, tarehe, lango, idadi ya watu wazima na watoto kwa uraia wao, na aina ya gari. Lipa kwa M-Pesa. Hifadhi risiti kwenye simu na uipige picha, kisha umtumie mwenzako mmoja pia, maana simu moja ikizima chaji asubuhi hiyo mtasimama langoni mkitazamana.

Fanya haya siku moja au mbili kabla. Asubuhi langoni mtandao ukisuasua, dakika 40 bora kuliko zote za siku zinapotea.

Kila mtu mzima abebe kitambulisho chenyewe. Watoto wabebewe cheti cha kuzaliwa au kadi ya shule. Asiyeweza kuonyesha uraia huenda akatozwa bei ya mgeni. Tiketi ni ya kuingia mara moja: mkitoka kwenda kula mjini, mmetoka. Ndiyo maana chakula hubebwa.

Hatua ya 7: Fungasha

Nakuru iko juu, karibu mita 1,750 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Saa 12 asubuhi mkiwa na paa wazi baridi inauma masikio. Ifikapo saa 6 mchana jua linachoma. Sweta, koti jepesi, kofia, leso ya vumbi, viatu vya kufunika. Rangi ziwe za udongo, za majani makavu, za kijivu. Nguo za madoa ya kijeshi ni marufuku kwa raia Kenya nzima, basi zibaki dukani.

Chakula kiwe cha kuliwa bila kupika: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, njugu, chai ya themosi. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga za taifa, na hiyo ni pamoja na chupa za maji za dukani, vikombe, sahani na mirija. Bebeni maji kwenye chupa za chuma au mtungi wa kujazia, lita mbili kwa kila mtu mzima, na chakula kwenye bakuli zenye vifuniko.

Darubini ndiyo kitu ambacho watu huacha na kujuta. Azima kwa jirani au kwa mwalimu, hata moja kwa gari zima. Simu itapiga picha ya twiga aliye karibu. Chui aliye juu ya mti upande wa pili wa bonde utamwona kwa darubini tu. Ongeza dawa ya kuzuia kutapika kwa wanaosumbuliwa na gari, karatasi za chooni, na chaja ya gari.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Muwe langoni saa 12 kasorobo. Msalimuni askari wa lango na mumuulize maswali mawili: barabara gani zimefungwa au zimejaa maji leo, na simba wameonekana wapi jana jioni. Watu hawa wanaijua mbuga, na aliyeulizwa kwa heshima hutoa habari bila kinyongo. Chukueni namba ya simu ya lango muihifadhi.

Saa mbili za kwanza msisimame kula wala kupiga picha za pamoja. Nendeni polepole, kilomita 20 kwa saa au chini yake, ingawa sheria inaruhusu hadi 40, mkielekea nyanda za nyasi za kusini na kando ya ziwa. Hapa ndipo mtu hujifunza kutazama, na inafaa kueleza namna.

Msitafute mnyama mzima. Tafuteni kisicholingana na vingine: mstari uliolala katikati ya majani yaliyosimama, ncha ya sikio inayotikisika, kivuli kisichofuata mti wake. Chui hupenda migunga yenye gome la manjano karibu na maji. Pitisheni macho kwenye matawi manene yaliyolala, na mtafute mkia. Matawi yote ya mgunga yamepinda. Mkia wa chui unaning'inia wima. Simba wa Nakuru nao hupanda miti, kwa hiyo mti wenye kitu kizito juu yake haupitwi.

Halafu watazameni wanyama wengine wanatazama nini. Swala pala wakisimama wote wamegeuza vichwa upande mmoja, mmoja akikoroma puani kwa nguvu, kuna mwindaji huko. Nyani wakibweka kutoka juu ya miti, hivyo hivyo. Zimeni gari. Dakika kumi za kungoja mahali pamoja huleta mengi kuliko kilomita kumi za kuzunguka.

Kifaru anastahili muda wake. Rangi haitakusaidia kumtambua mweupe na mweusi, kwa sababu wote ni kijivu, au wana rangi ya tope walilogaagaa. Tazama mdomo. Mweupe ana mdomo mpana uliokatika sawasawa, anakula nyasi, na kichwa chake hakiinuki mara nyingi. Ukikaa kimya, injini imezimwa, upepo ukija kwako, utasikia nyasi zikikatika moja moja na pumzi nzito puani. Mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka anaoutumia kama kidole kuvuta vijiti, anakaa vichakani, mara nyingi peke yake, na hasira zake ziko karibu. Mwenye mtoto utamtambua kwa mwendo: mtoto wa kifaru mweupe hutangulia mbele ya mama, wa mweusi hufuata nyuma. Hata rundo la kinyesi kando ya barabara husema ni nani alipita. Likiwa na nyasi tupu ni la mweupe. Likiwa na vijiti vilivyokatwa mshazari, kama kwa kisu, ni la mweusi, na huenda yuko kichakani hapo karibu. Mwambie dereva asisogee zaidi. Kifaru akiinua kichwa, akageuza masikio yote mawili kwenu na kuanza kukoroma, rudini nyuma taratibu.

Ikifika saa 4 au 5 wanyama wengi wanaingia kivulini. Huu ndio wakati wa kupanda kwenye genge la nyani, Baboon Cliff, upande wa magharibi. Kutoka juu mtaliona ziwa lote, mstari wa miti iliyokufa ikiwa imesimama majini, na jiji la Nakuru kwa nyuma yake. Ni moja ya sehemu mnazoruhusiwa kushuka garini. Pimbi hulala juani kwenye mawe. Nyani nao wanajua gari lenye chakula: vioo vifungwe vyote, mifuko iwe ndani ya buti, na mtoto asishike ndizi mkononi. Msiwape chochote. Nyani aliyezoeshwa chakula cha watu huishia kumdhuru mtoto wa mtu, na mwisho huuawa kwa kosa ambalo tulimfundisha sisi.

Mchana nendeni Makalia mkaone maporomoko, hasa baada ya mvua, mle chakula sehemu iliyoruhusiwa, na dereva alale nusu saa. Msimnyime usingizi huo.

Kuanzia saa 9 na nusu anzeni tena. Upande wa mashariki, chini ya Lion Hill, kuna msitu wa miti ya euforbia mirefu yenye matawi kama vinara, na mchana ukiisha viumbe hushuka kutoka huko kuelekea ziwani. Nyati huja kwa makundi. Mzee wa nyati aliye peke yake kando ya barabara msimzoee kwa utulivu wake, mpisheni. Jipangieni kuwa kilomita tano kutoka langoni ifikapo saa 11 na nusu, maana kuchelewa kutoka ni kosa na hutozwa faini.

Kwa watoto, wape kazi. Karatasi yenye wanyama kumi wa kuwekea alama, mmoja ahesabu twiga, mwingine awe mwenye darubini kwa nusu saa. Mtoto mwenye kazi hatauliza tunarudi lini.

Yanayokatazwa, na sababu zake

Hamshuki garini isipokuwa mahali palipoandikwa. Pancha ikitokea, pigeni simu langoni kwanza, mtazame pande zote kwa muda, mtu mmoja abaki akiangaza macho huku mwingine akibadilisha gurudumu upande wa mbali na vichaka. Hamtoki nje ya barabara kufuata mnyama, kwa sababu ndege na watoto wa swala hulala nyasini. Hampigi honi wala muziki. Droni haziruhusiwi bila kibali. Mkikuta magari yamezunguka simba, ngojeni zamu, mkae dakika chache, muwapishe wengine.

Na hili la vifaru nalisisitiza kwa moyo wote: msirushe mtandaoni picha ya kifaru mkitaja mahali alipo, na zimeni alama ya mahali (location) kwenye kamera ya simu. Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi kama 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400. Walindwao pale Nakuru wana askari usiku na mchana kwa sababu hatari bado ipo, na jangili husoma mitandao kama sisi.

Mkishaonja

Mtu akirudi kutoka Nakuru kwa kawaida huuliza: sasa wapi? Magharibi yenyewe ina mengi. Hifadhi ya Impala ya Kisumu, kando ya ziwa, ni ndogo na yafaa jioni moja na watoto wachanga. Msitu wa Kakamega ni wa ndege, vipepeo na kima. Chukueni mwongozaji wa pale pale na mwingie kwa miguu alfajiri. Saiwa Swamp, karibu na Kitale, ina kilomita za mraba 3 tu, hakuna magari kabisa: mnatembea, mnapanda majukwaa ya mbao, na mnangoja nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu, ajitokeze matetini asubuhi sana au jioni.

Ruma, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, ndiyo ninayowasihi watu wa Nyanza waitembelee. Ina kilomita za mraba 120, ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1983, na ndiyo makao ya mwisho Kenya ya korongo, swala mkubwa mwenye uso wa rangi nyeusi na nyeupe na pembe zilizopinda nyuma. Wamebaki wachache mno. Magari ni machache, mnaweza kuzunguka asubuhi nzima bila kukutana na mtu. Kuna mbung'o: msivae buluu wala nyeusi, rangi hizo huwavuta, vaeni mikono mirefu na mfunge vioo mkipita vichakani. Barabara za ndani zinataka 4x4 mvua zikinyesha. Na kwa kuwa bonde lina malaria, laleni ndani ya neti.

Kwa Mara, nyumbu huingia kutoka Serengeti kuanzia Julai hivi na kurudi kuelekea Oktoba. Vitanda vya miezi hiyo huisha mapema, kwa hiyo wekeni nafasi miezi sita kabla. Wanaotoka Kisumu na Kisii hawana haja ya kuzungukia Narok: pitieni Kilgoris na Lolgorian mwingie kwa lango la Oloololo, upande wa Pembetatu ya Mara. Kabla ya kuondoka, pigeni simu loji au kambini mliyopanga kulala muulize hali ya barabara kutoka Lolgorian wiki hiyo, na mlipie kiingilio kwa mfumo wa Kaunti ya Narok, kwa sababu hifadhi hiyo haiko chini ya KWS.